Babu, Uhuru wa Komoro na Cheti Kilichomo Kwenye Droo ya Cherehani

Shikamoo Bibi Mshauri,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, mkazi wa Dar es Salaam, na ninafanya kazi ya uhasibu. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu kumezuka ugomvi ambao kila anayejaribu kuuzima anauchochea, na mimi, ambaye sikuuanzisha, ndiye ninayetakiwa kuumaliza.

Babu yangu mzaa baba ni Mngazija. Alizaliwa Mbeni, kaskazini mwa kisiwa cha Ngazidja huko Komoro, na akiwa kijana alipanda jahazi hadi Unguja kwa mjomba wake aliyekuwa fundi cherehani. Alijifunza kazi hiyo, akaoa, na baada ya Mapinduzi ya 1964 akahamia Kariakoo, ambako alishona kanzu na suruali mpaka macho yalipomkataa. Sasa amevuka miaka 85. Sisi wajukuu tunamwita Bakoko, kama wanavyoita kwao, ingawa Kingazija chetu kinaishia kwenye maamkizi na majina ya vyakula.

Bakoko alikuwa mwanachama wa MOLINACO, chama cha kupigania uhuru wa Komoro ambacho Wakomoro walioishi huku walikianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1960, kikiongozwa na Abdou Bakari Boina. Husimulia kwamba kila wiki alikuwa akitenga ujira wa kanzu moja kwa ajili ya chama, na kwamba bibi yetu alikuwa akinung'unika lakini hakumzuia. Kila tarehe 6 Julai huvaa kanzu na kofia, hutundika bendera barazani, na huwaonyesha watoto nyota zake nne, moja kwa kila kisiwa: Ngazidja, Nzwani, Mwali, na Mayotte ikiwemo. Kwake yeye Mayotte haijawahi kuwa ya Ufaransa. Anasema imeshikwa tu.

Tatizo lilianza tulipotembelewa na dada yangu wa ukoo, mjukuu wa dada yake Bakoko. Nyanya yake huyo aliolewa na mtu wa Mayotte katika miaka ya 1960 na akabaki huko hadi alipofariki miaka michache iliyopita; Bakoko hakuwahi kwenda mazikoni kwa kuwa viza haikupatikana kwa wakati. Dada yangu anaishi Mamoudzou, huko huko Mayotte, na ana pasipoti ya Ufaransa. Siku ya pili ya ziara yake, tukiwa tunakula, Bakoko alianza habari zake za uhuru, naye dada akamwambia, bila ya ukali lakini bila ya kuzunguka: "Bakoko, ninyi mlipata bendera, sisi tukabaki na hospitali. Kila usiku watu wanatoka Nzwani kuja kwetu kwa mashua. Sijamwona hata mmoja anayekwenda upande wa pili." Bakoko alinawa mikono, sahani ikiwa bado imejaa, akaingia chumbani. Tangu siku hiyo hajalitaja jina lake.

Maneno hayo yalimwingia baba yangu mdogo kwa namna nyingine. Ameamua kwamba, kwa kuwa Bakoko alizaliwa wakati wa Wafaransa, sisi sote tuna haki ya kudai uraia wa Ufaransa, na ushahidi ni cheti cha kuzaliwa cha Bakoko, ambacho kimo kwenye droo ya cherehani yake, kimefungwa ndani ya kipande cha kitambaa. Droo hiyo naifungua mimi peke yangu kwa sababu ndimo zinamokaa dawa zake. Alipoombwa cheti, Bakoko alijibu: "Mkitaka kuwa Wafaransa, nizikeni kwanza." Baba mdogo ameniambia nikipige picha kwa simu wakati Bakoko ameshuka msikitini kwa swala ya alasiri.

Lakini linaloniuma zaidi, Bibi, ni kwamba nikisoma habari za Komoro, mapinduzi baada ya mapinduzi na vijana wanaokimbia nchi, moyoni nakubaliana na dada yangu. Naona haya kukaa chini ya ile bendera nikitabasamu. Je, nimeikana asili yangu? Nimweleze Bakoko ninavyofikiri, au nimwache amalizie siku zake na imani yake? Na kuhusu cheti, nifanyeje?

Wako mtiifu,
Mjukuu wa Fundi, Ilala

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ile droo, kwa kuwa ndiyo yenye haraka. Usikitoe cheti, wala usipige hiyo picha. Katika nyumba iliyojaa watu, babu yako amekuchagua wewe umfungulie droo yake kwa sababu ameona ndiye usiyepekua, na mtu wa umri wake hana miaka mingine ya kujifunza kumwamini mtu mwingine. Hata kama cheti kile kingekuwa na thamani yote anayoifikiria baba yako mdogo, ningekujibu hivi hivi. Lakini sidhani kwamba kina thamani hiyo, na ni vizuri umweleze.

Ni kweli kwamba aliyezaliwa Ngazidja kabla ya 1975 alizaliwa chini ya Ufaransa. Hata hivyo, visiwa vile vilipojitawala, sheria ya Ufaransa ya mwaka huohuo haikuwaacha Wakomoro wa kawaida waendelee kuwa Wafaransa kwa kukaa kimya. Aliyetaka kutambuliwa hivyo alitakiwa kutoa tamko ndani ya muda uliowekwa, na muda huo umeshapita kwa miongo mingi. Kwa jinsi unavyomweleza babu yako, sidhani kama alipanga foleni kutoa tamko la namna hiyo. Na hata ikitokea wakili akaona mwanya ambao mimi siuoni, Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili: anayejipatia uraia wa nje kwa hiari yake hupoteza wa hapa, na asiye raia hamiliki ardhi kama anavyomiliki raia. Kama baba yako mdogo ana kiwanja, aanze kwanza kukitazama hicho kiwanja. Akiona bado anataka, basi akamwone wakili anayeijua sheria ya Ufaransa, amlipe kwa fedha yake, na amwombe baba yake karatasi hiyo uso kwa uso, mara ya pili, kama mtoto anavyomwomba mzazi. Wewe si mjumbe wake.

Kinachonishangaza mimi ni kwamba cheti kipo. Mtu anayesema azikwe kabla ya wanawe kuwa Wafaransa amekitunza kwenye kitambaa, amehama nacho kutoka Unguja hadi Kariakoo, na kwa zaidi ya nusu karne hakukitumia wala hakukichana. Nadhani inafaa uijue historia ya karatasi za namna hiyo. Enzi za Waingereza, Wangazija wa Unguja, jamii iliyokuwa na chama chake na shule yake, na ambayo mmoja wa makadhi mashuhuri wa kisiwa hicho, Sheikh Ahmed bin Sumeit, alizaliwa katika ardhi yao ya Ngazidja, walikuwa wakiidai serikali isiwaweke katika daraja la wenyeji wa kawaida, na hoja yao ilikuwa kwamba wao ni watu wa Ufaransa. Hawakuwa wakiipenda Ufaransa. Walikuwa wakitafuta daraja nafuu katika utawala uliopanga watu kwa madaraja. Baada ya Mapinduzi hoja hiyohiyo iliwageukia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 uraia wa Wangazija wa Zanzibar ulitiliwa shaka kiasi cha kutakiwa kuuomba upya, na wako waliopoteza kazi. Babu yako alikuwa ameshavuka, lakini bila shaka alikuwa na ndugu waliobaki. Muulize kwa nini amekitunza. Huenda jibu lake likakufundisha mengi kuliko hotuba zote za tarehe 6 Julai.

Sasa nije kwenye lile unaloona haya nalo. Hujaikana asili yako. Lakini nahisi umechanganya maswali mawili: kama Wakomoro walikuwa na haki ya kuudai uhuru wao, na kama waliokabidhiwa uhuru huo waliutunza. Babu yako hujibu la kwanza, wewe unamuuliza la pili, na dada yako aliwajibu nyote kwa hospitali.

Katika swali la kwanza mimi nipo na babu yako, na sitajifanya sina upande. Tarehe 22 Desemba 1974 visiwa vyote vinne vilipiga kura, na karibu asilimia 95 ya kura zilizopigwa zilitaka uhuru. Mayotte peke yake ilikataa, karibu theluthi mbili ya wapiga kura wake. Bunge la Paris likaweka sharti kwamba kila kisiwa kihesabiwe peke yake. Wabunge wa Komoro wakaona wanachezewa, na tarehe 6 Julai 1975, chini ya Ahmed Abdallah, aliyekuwa mkuu wa serikali ya visiwa, wakajitangazia uhuru wenyewe. Ufaransa iliondoa watumishi wake na misaada yake. Haujatimia mwezi, tarehe 3 Agosti, Ahmed Abdallah akapinduliwa. Mwezi Novemba Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro ikiwa nchi ya visiwa vinne, na Februari 1976 Ufaransa ikaendesha kura nyingine Mayotte peke yake na kukibakiza kisiwa. Kisha Mei 1978 mamluki wakiongozwa na Mfaransa Bob Denard wakampindua Rais Ali Soilih na kumrudisha Ahmed Abdallah, na kwa zaidi ya miaka kumi wakawa ndio walinzi wa ikulu, hadi Abdallah alipouawa Novemba 1989. Denard akarudi tena 1995, mara hiyo wanajeshi wa Ufaransa wenyewe wakaja kumtoa. Kwa hiyo unaposoma "mapinduzi baada ya mapinduzi" na kuhitimisha kwamba wale watu hawakufaa kujitawala, angalia pia ni nani alikuwa akiingia na bunduki.

Katika swali la pili upo na haki ya kuuliza, tena kwa sauti. Mamluki hawakuwalazimisha viongozi wa Moroni, mji mkuu wa Komoro, kuwasahau watu wa Nzwani na Mwali mpaka ikafika 1997 Nzwani ikajitenga na kuomba irudi Ufaransa, ombi ambalo Ufaransa yenyewe ililikataa. Babu yako anayakumbuka hayo, niamini. Vilevile anakumbuka Machi 2008, pale wanajeshi wa Tanzania waliposhuka Nzwani bega kwa bega na wa Komoro na wa Sudan kumwondoa mtawala wa kisiwa hicho, Mohamed Bacar, naye Bacar akakimbilia, kati ya sehemu zote, Mayotte. Nchi iliyompokea ikapeleka vijana wake kuishikilia nchi aliyozaliwa isipasuke. Kama hujawahi kumuuliza aliipokeaje habari ile, basi mazungumzo yenu ya uhuru bado hayajaanza.

Nakushauri uzungumze naye, na usimdanganye. Ukitabasamu chini ya bendera huku moyoni unapinga, unamtendea kama mtoto, na wazee hulitambua hilo haraka. Lakini usimwendee na hitimisho lako. Mwendee na maswali ya vitu vinavyoshikika: mikutano ya MOLINACO ilifanyikia nyumba ipi Kariakoo, nani aliandika daftari la michango, walizungumza Kingazija au Kiswahili, bibi yako alisema nini hasa juu ya ile fedha ya kanzu, na habari za tarehe 3 Agosti 1975 zilimfikia akiwa wapi. Mwombe ruhusa ya kurekodi kwa simu. Hiyo ndiyo kazi halali ya simu yako katika chumba kile. Viongozi wa harakati wameandikwa vitabuni, mafundi cherehani waliozilipia hawajaandikwa. Akifika mahali pa kukuuliza wewe waonaje, mwambie: "Bakoko, sisemi mlikosea kuudai. Nasema naumia kwa yaliyofuata." Usishangae akikujibu kwamba na yeye yanamuuma.

Nimebakiza dada yako wa Mamoudzou, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani ugomvi wenu hauko mlipoutafuta.

Dada yako si msaliti. Mayotte iliingia mikononi mwa Ufaransa mwaka 1841, miaka 45 kabla ya visiwa vingine kuwekwa chini ya himaya, na makao makuu ya utawala yalikuwa huko Dzaoudzi mpaka yalipohamishiwa Moroni kuelekea miaka ya 1960. Kisiwa kikajiona kimenyang'anywa kazi na heshima, na waliosimama mbele zaidi walikuwa wanawake, wakiwa na Zéna M'Déré, mmoja wa viongozi wao, ambao waliwazingira wanasiasa waliotoka visiwa vingine na kuwatekenya mpaka wakimbie. Usicheke, njia hiyo ilifanya kazi kuliko hotuba nyingi ninazozijua. Watu hao hawakuwa wameipenda Ufaransa kuliko ndugu zao. Waliogopa kutawaliwa kutoka Ngazidja na Nzwani, na yaliyotokea Nzwani baadaye hayakuwaondolea hofu hiyo.

Lakini na dada yako aambiwe upande wake. Zile mashua anazozitaja zilianza kubeba maiti baada ya Ufaransa kuweka viza mwaka 1995 kati ya visiwa ambavyo watu wake walikuwa wakivuka kwenda kuoana, kuuza ndizi na kuzika. Anayezama leo usiku kati ya Nzwani na Mayotte hajauawa na uhuru peke yake. Na Mayotte, ambayo tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa, ndiyo mkoa maskini kuliko yote ya nchi hiyo. Kimbunga Chido kilipopita Desemba 2024, vibanda vya mabati vilivyosombwa vilikuwa ndani ya Ufaransa, wala si Komoro.

Sasa rudi kwenye barua yako uone sentensi uliyoipita mbio. Umeandika, kama jambo la pembeni, kwamba dada yake Bakoko alifariki Mayotte naye hakwenda kumzika kwa sababu ya viza. Mwanangu, mzee aliyezaliwa Ngazidja alihitaji ruhusa ya Ufaransa kwenda kumzika dada yake wa tumbo moja katika kisiwa anachokiita kwao, na ruhusa haikuja. Kisha mjukuu wa marehemu huyo, mwenye pasipoti ambayo ingempitisha mlangoni bila kuulizwa, akaketi kwenye mkeka wake na kumwambia kwamba waliobaki walipata faida. Huenda dada yako hakujua alichogusa. Wangazija, kama unavyojua au unavyopaswa kujua, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo watoto wa dada yake ni watu wa ukoo wake hasa, na kwa hesabu hiyo wana haki kwake ambayo hata wewe, mtoto wa mwanawe, huna. Ndiyo maana maneno yale yalimtoa kwenye sahani; angeyasema jirani, angebishana naye mpaka magharibi.

Kwa hiyo mpigie dada yako kabla hujazungumza na babu yako juu ya jambo lolote jingine. Mweleze habari ya viza, kwa sababu inawezekana huko Mamoudzou hawakuwahi kuambiwa kwa nini kaka wa marehemu hakufika, na wakadhani alisusa kwa ajili ya siasa. Mwambie asimtumie Bakoko ujumbe wa kuomba radhi kwa maneno ya mezani, maana huo utafungua tena mjadala wa uhuru. Apige simu, amwamkie, amsimulie mazishi yalivyokuwa: nani aliosha, nani alisalisha, kaburi liko upande gani na nani analisafisha. Hayo ni mambo ambayo kaka anadai kuyajua na hakuna aliyemlipa.

Wakishafika hapo, wabishane wapendavyo. Na kama dada yako anajua nyanya yake alipiga kura ya ndiyo au ya hapana ile Desemba ya 1974, asiiseme mpaka Bakoko mwenyewe aulize.